Magunia Mawili ya Mchanga

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa. Ukitaka kucheka, cheka tu, nimezoea. Karakana yetu inatengeneza masofa, na kila sofa lilipokamilika liliburutwa hadi katikati ya sakafu, fundi mkuu akapiga makofi, na mimi nikaacha nilichokuwa nakifanya nikaenda kulikalia. Sikukaa kwa adabu. Nilijitupa kama mtu aliyetoka safari ndefu, nikasogea kona hii, nikasogea kona ile, kisha nikaegemea mkono wa kiti kwa ubavu mzima. Sofa likilia, lilirudi kwa seremala. Likinyamaza, fundi mkuu alimgeukia mteja na kumwambia, "Umejionea mwenyewe. Huyu akishindwa kulivunja, wanao hawataliweza." Mteja alicheka, na mara nyingi aliacha kubishana kuhusu bei.

Pale kazini waliniita Tani. Jina hilo nilibandikwa na Sindano, fundi wa kushona vitambaa, mtu mwembamba kiasi kwamba ukimtazama ubavuni unaweza kumkosa. La kwake nilimbandika mimi, tukawa ngoma droo.

Mchana mimi na Sindano tulikula sinia moja. Mama wa mgahawa wa jirani alitupakulia wali na maharage ya watu wawili, na sisi tukakaa sakafuni nyuma ya cherehani yake, sinia katikati. Yeye alidonoadonoa upande wake kama kuku mgonjwa. Mimi nilimaliza upande wangu, nikafika katikati, nikavuka.

"Pasipoti unayo?" aliniuliza kila siku.

"Iko tumboni," nilimjibu kila siku, na kila siku tulicheka kama ndiyo kwanza tunaisikia. Mtu asiyejua angesema nilipenda chakula. Nilikipenda, sikatai. Lakini nilichokipenda zaidi ni ile dakika ya kuvuka mpaka, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ananisubiri mahali popote. Sina mke. Niliwahi kuwa naye, akaondoka kwa amani na masanduku yake, na nyumba ikabaki na kiti kimoja kinachotumika.

Kisha ikaja sukari. Baba yangu ilimkata mguu, ikamkata wa pili, halafu ikamchukua mwenyewe, kwa hiyo daktari aliponionyesha kidonda changu cha kidole cha mguu sikuhitaji kuelezwa kwa picha. Alisema nikipunguzwa tumbo, uzito utashuka, na sukari pengine itashuka nao. Nikapiga moyo konde, nikakubali.

Walinikata, wakaniachia kifuko chembamba cha ukubwa wa ndizi moja. Ndizi moja! Mimi niliyekuwa namaliza chane nzima nikisubiri chakula kiive. Nilipoamka nililia kidogo, si kwa maumivu. Nililia kama mtu aliyeambiwa rafiki yake amehama mji bila kuaga.

Kwenye kitanda cha jirani alilala bwana mmoja mwenye sauti nzito na habari nyingi. Yeye alikuwa amerudi kukatwa mara ya pili. Kifuko chake cha kwanza, alisema, kilitanuka.

"Kinatanuka hivihivi?" nilimuuliza.

"Taratibu, ndugu yangu. Leo unaongeza kijiko, kesho unaongeza kijiko. Hukisikii. Siku unashtuka, unakula kama zamani, na mwili umerudi wote, na ndugu zake."

"Sasa mtu atajuaje mapema?"

Akanifundisha kipimo chake. Unachukua mtindi mzito, uliochujwa maji, asubuhi kabla hujala kitu. Unakula harakaharaka hadi uhisi umejaa. Ukiingia kikombe kimoja, salama. Ukizidi, anza kuomba dua. Aliniambia haya kwa kunong'ona huku akichungulia mlangoni, na mimi, ambaye sijawahi kukumbuka siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote, nilikumbuka kila neno.

Nikarudi kazini mwili ukiwa umeanza kupungua. Watu wa karakana walinipokea vizuri. Brashi, fundi wetu wa kupaka vanishi, asiyejua kunyamaza, alinizunguka mara mbili akasema, "Jamani, mwenzenu amekuja na nguo za kaka yake." Nikacheka. Nilikuwa nimeikaza suruali yangu kwa kamba.

Wiki za mwanzo fundi mkuu aliendelea kunipigia makofi. Nilikaa kwenye masofa, nayo yalinyamaza. Yote yalinyamaza. Hata lile ambalo seremala mwenyewe aliniambia kwa siri kwamba mguu wake mmoja hauna imani, nalo lilinyamaza. Mwezi haukupita likarudishwa na mteja, limevunjika, na mteja amevaa uso wa mahakamani. Fundi mkuu hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, akapumua, na kesho yake yakaletwa magunia mawili ya mchanga.

Yaliwekwa palepale nilipokuwa nasimama. Sofa likikamilika, watu wawili waliyabeba na kuyatupa juu yake, kwanza kona hii, halafu kona ile.

"Mchanga una faida," alisema Brashi. "Hauendi chooni."

Watu walivunjika mbavu. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti kuliko wote, halafu nikaenda stoo ya sponji na kusimama huko bila kazi yoyote. Niliona wivu. Mtu mzima na akili zake, nauonea wivu mchanga.

Fundi mkuu ana utu wake. Hakunifukuza. Alinipa kazi ya kukata sponji na kujaza mito, huko huko stoo. Chumba hicho kina sponji toka sakafuni hadi darini, pande zote nne, na sponji humeza sauti. Ukikohoa, kikohozi kinaishia kifuani kwako. Cherehani ya Sindano iko nyuma ya ukuta tu, lakini kutoka mle ndani ungeapa kwamba karakana imefungwa na watu wamekwenda kuzika.

Na chakula cha mchana? Tulijaribu. Sinia lilikuja lilelile, wali uleule. Nilichukua kijiko, nikatafuna hadi kikaisha ladha, nikameza, nikangoja. Kijiko cha tatu kikanitosha. Basi nikabaki nimekaa namtazama Sindano akila, na kutazamwa wakati wa kula si mchezo. Alianza kutafuna polepole. Alianza kufunika mdomo. Upande wangu wa sinia ulibaki kama ulivyokuja, mlima mzima, na yeye alikuwa akiuangalia kwa aibu kana kwamba ameuvunjia heshima. Siku moja aliniambia, "Bwana, mimi peke yangu hili sinia siliwezi," na hakuwa anatania. Baada ya hapo nikawa na visingizio. Leo nina mito ya haraka. Leo nimekula nyumbani. Naye hakunilazimisha, na hilo liliniuma, ingawa angenilazimisha ningekasirika.

Lakini sitaki kumsingizia Sindano. Kilichonitenga hasa na watu ni hofu.

Miezi ilivyokwenda nikaona naongeza. Vijiko vitatu vikawa vitano. Yai moja likawa yai na kipande cha mkate. Siku moja nilikula kipaja cha kuku, na viazi viwili, na nilipoweka sahani chini nikagundua sijajaa kwa namna ile ya zamani ya kubanwa kifuani. Nilikuwa nimeshiba tu, kama binadamu wengine. Mtu mwenye akili zake angefurahi. Mimi nilitoka jasho. Nilimsikia yule bwana wa kitanda cha jirani akininong'oneza: leo kijiko, kesho kijiko.

Elewa ninavyofikiri. Nimekaa kwenye karakana maisha yangu yote. Najua ngozi ikishavutwa hairudi. Najua mpira wa kiti ukishalegea, hata uusemeshe vipi, umelegea. Najua sponji likikaliwa sana hubaki na umbo la makalio ya mtu hadi siku ya kutupwa. Sasa tumbo ni nini, kama si mfuko? Nani aliniambia kwamba lenyewe lina tabia njema kuliko ngozi ya sofa?

Jumapili moja asubuhi nikaamua kupima. Mtindi mzito sikuwa nao. Nilikuwa na uji. Nikajiambia uji ni laini, mtindi ni laini, tofauti ni jina. Nikaupika, nikaupoza, nikaumimina kwenye kopo safi la vikombe viwili, nikakaa kwenye kile kiti changu kimoja na kuanza kula harakaharaka kama nilivyofundishwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema, na kata yangu mimi ilikuwa kijiko cha chai.

Uji uliingia. Nikangoja ukome kuingia, haukukoma. Nusu ya kopo ikaisha. Nikasema sasa hivi nitajaa. Robo ikabaki. Nikaukomba ukingo. Kopo likawa tupu, na mimi nimekaa mbele yake bila kubanwa popote, nikiwa na nafasi, naapa, ya kopo jingine.

Niliweka kijiko mezani taratibu sana. Nikaangalia miguu yangu chini ya meza. Nikavisogeza vidole, kimoja kimoja. Vyote vilikuwepo.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wangu wa kike, ambaye tangu mama yetu afariki amejiteua kuwa mama yangu.

"Kaka, leo unakuja. Nimekupikia."

"Leo siwezi. Kuna kazi."

"Kazi Jumapili? Hao masofa wanaumwa?" Nikasikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa na kufunikwa. "Nimekupikia kidogo tu. Kidogo kabisa. Watoto wanakuuliza."

"Nimesema siwezi."

"Kaka, walikushona tumbo au walikushona mdomo? Maana hata kuongea huongei siku hizi."

Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Ninakumbuka nilikaa na simu mkononi muda mrefu, nikiona meza yake jinsi ilivyo, plastiki yake yenye maua, watoto wakigombania shingo ya kuku, na yeye anaongeza wali kwenye sahani ya mtu kila mtu anapogeuza uso. Ndiyo mapenzi yake hayo, anapenda kwa upawa. Na mimi nilikuwa nimeamua kwamba upawa ule utanipeleka alikokwenda baba.

Kuanzia siku ile nilijifungia. Nilinunua kijiko cha mtoto mchanga na kisahani cha kikombe. Mchana nilifunga mlango wa stoo, nikakaa juu ya mkato wa sponji, nikala vijiko vyangu vitatu kama mwanzo. Njaa iliporudi, nilikunywa maji. Nilikuwa nimejipangia: nikikinyima kifuko, kitanywea. Watu wakinigongea, nilisema nina kazi. Brashi alijaribu mara mbili tatu kupiga soga kupitia mlangoni, lakini unajua sponji, nusu ya utani wake ilimezwa njiani na nusu nyingine haikuchekesha. Mwishowe wakaacha kugonga. Asiyekuwepo na lake halipo. Sikuwalaumu, niliwachukia kidogo tu.

Nitasema jinsi ilivyokuwa, maana nimechoka kuifanya mzaha. Kula peke yako ukiwa na njaa kuna upweke wake, lakini angalau chakula ni mwenzio. Kula peke yako huku unakiogopa chakula hakuna mwenzio hata mmoja. Nilikuwa nakitazama kijiko kama mtu anayemtazama askari. Sikuwa na mtu wa kumwuliza, kwa sababu kuuliza ingekuwa kukiri kwamba nimekiharibu nilichopewa. Jioni nilirudi nyumbani, nikawasha redio ili pawe na sauti, na nikalala mapema ili siku iishe.

Kisha nikaanguka. Nilikuwa nimenyanyua mkato mkubwa wa sponji niupandishe juu, macho yakaingia giza, na nikaenda nao chini. Nilianguka juu ya sponji, katikati ya sponji, na sponji likaniangukia. Sikuumia hata ukucha. Lakini pia hakuna aliyesikia. Nilipopata fahamu nililala pale nikisikiliza, nikingoja mtu aulize kuna nini humo ndani, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu hakukuwa na kishindo cha kuulizia. Zamani mimi nikikaa tu, karakana nzima ilijua.

Nilipokwenda kliniki wiki hiyo nilikuwa nimejiandaa kuhukumiwa. Mama wa lishe, yule anayewafuatilia waliokatwa, ni mtu mzima mwenye miwani ya kamba na mikono ya mpishi. Alinipandisha kwenye mizani, akaangalia, akanishusha, akanipandisha tena.

"Mbona umekwenda mbio hivi?" aliuliza. "Sukari iko vizuri. Kidonda kimefunga. Lakini wewe mwenyewe umenyauka. Unakula nini?"

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nikamwaga yote. Bwana wa kitanda cha jirani, kijiko kesho na kijiko keshokutwa, mtindi ambao sikuwa nao, kopo la uji lililoisha. Nilimaliza kwa kusema, "Kwa hiyo kimetanuka, mama. Niambie tu ukweli, nimekuja na moyo wangu wote."

Alinitazama. Kisha akaanza kutikisika mabega. Alicheka hadi akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya kitenge chake.

"Uji," alisema. "Baba wa watu, ukapima kwa uji."

"Si ni laini?"

"Uji ni maji yaliyovaa koti. Unaingia huku na kutokea kule, haukai. Ungekunywa ndoo nzima ungeingia, polepole. Hapo ulikuwa unapima bomba, si tumbo. Na huo mtindi wa mwenzio nao nisingekutuma ukaupime nyumbani. Kula mbio hadi ujae ndiyo jambo la kwanza tulilokukataza."

"Lakini hata vyakula vikavu nimeongeza. Kipaja cha kuku. Viazi."

"Na ulitaka uishi kwa vijiko vitatu mpaka uzeeke?" Sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Sikiliza. Mwanzoni ndani kulikuwa kumevimba, kidonda kibichi. Ndiyo maana hakikuingia kitu. Sasa umepona. Sahani ndogo ya chakula, ukila taratibu, ukaacha ukishiba, ndipo tulipotaka ufike. Hujaharibu kitu. Kinachokuharibu ni hicho kijiko cha mtoto."

Nilikuwa nimejiandaa kwa habari mbaya, na habari nzuri ilinikuta sina pa kuiweka. Miezi yote ile, mdogo wangu akifunua na kufunika sufuria. Miezi yote ile nimefunga mlango.

Alikuwa anaandika kitu, bila kuinua kichwa akaniuliza, "Unakula na nani?"

"Na mlango," nilisema.

Akaacha kuandika. "Basi kesho tafuta watu. Kaa nao, kula, ukishiba weka kijiko chini. Halafu usiondoke. Wengi wenu mkishashiba mnakimbia meza."

Usiku ule nilimpigia mdogo wangu nikamwambia Jumapili nakuja. Hakuuliza kitu. Alisema tu, "Haya kaka," kisha nikamsikia anapenga kamasi mbali na simu.

Kesho yake mchana nilifungua mlango wa stoo, nikatoka na sahani yangu ndogo.

Mambo yalikuwa yamebadilika na hakuna aliyekuwa amenijulisha, kwani ningejulishwa na nani? Hakuna aliyekula tena sakafuni nyuma ya cherehani. Seremala alikuwa ameunganisha mabaki ya mbao akatengeneza benchi refu, wakaliweka nje chini ya paa la bati, na wote walikaa pale kwa mstari, kila mtu na sahani yake mapajani. Seremala, Brashi, fundi mkuu mwenyewe, na Sindano huku mwishoni. Brashi alikuwa katikati ya hadithi. Aliponiona akaikata.

"Tani!" alisema. "Amefufuka!"

Na wote kwa pamoja wakasogea. Hawakuambizana. Seremala, Brashi na fundi mkuu walikwenda huku, Sindano akaenda kule, na katikati ya benchi likafunguka pengo. Nilishukuru, nikaketi. Ndipo nilipoliona lilivyo. Lilikuwa pana. Kushoto kwangu ungeweza kuweka mtu, na kulia kwangu ungeweza kuweka mtu mwingine. Walikuwa wamempisha yule Tani wa zamani, kwa heshima zote, na mimi nimekaa katikati ya nafasi yake kama sahani iliyosahauliwa mezani.

Nilikula. Wali kidogo, maharage, kipande cha samaki. Nilitafuna vizuri, sikunywa maji. Hakikubana, hakikukataa, kifuko changu kilifanya kazi yake kama mtumishi mwaminifu. Lakini Brashi hakuendelea na hadithi yake. Niliwahisi wananitazama kijiko, kila mmoja kwa kuibia, na mtu akitazamwa kijiko hata wali huona haya. Kila upande nilikuwa naguswa na upepo tu. Nikasema moyoni, tumbo limepona, na bado niko stoo.

Nikasogea. Nilisogea kulia, kwa Sindano, kiasi cha kiganja. Hakuinua kichwa. Aliendelea kudonoa wali wake, na huku akidonoa akasogea naye, kiasi cha kiganja. Nikasogea tena. Akasogea tena. Mara ya tatu nilijiburuta wazi kabisa, bila hata kujifanya narekebisha suruali, na yeye akahama hadi mwisho wa benchi, tako moja juu ya ubao na tako jingine hewani, sahani yake imeinama, amejikaza kisabuni asianguke.

"Sindano," nilisema. "Unakwenda wapi?"

"Nakupisha."

"Unanipisha nini? Hapa katikati yetu anatosha ng'ombe."

Alitazama ubao ulioko kati yetu. Aliutazama muda, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Niliona masikio yake yanabadilika rangi.

"Sijui," alisema. "Nimezoea."

Hakuna aliyecheka, hata Brashi. Na mimi, nilivyo mtu wa hasira, niliona hasira inapanda, nikaifuata nione inakwenda kwa nani, nikakuta haina mtu. Miaka yote ile Sindano alikuwa akinipisha na sikuwahi kujua. Nilidhani tulikuwa tunatosha.

"Rudi hapa," nilimwambia. "Tafadhali."

Alirudi kidogo kidogo, akishikilia sahani, hadi bega lake likagusa langu. Akashtuka. Akageuka akaliangalia bega langu kwa karibu.

"Kumbe una mfupa," alisema.

"Ninao."

"Nilidhani hututaki," alisema kwa sauti ya chini, akiwaambia maharage yake. "Nilidhani umepona ukatuchoka. Niligonga, bwana. Uliniambia una mito."

Sikumweleza habari za uji. Nilimwambia tu, "Nilikuwa naogopa," na yeye akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemwambia nilikuwa nimesafiri.

Kengele ya saa nane ikalia. Fundi mkuu aliinuka, seremala akaosha mikono, Brashi akaondoka akijaribu kukumbuka hadithi yake ilikuwa imefikia wapi. Benchi lote likabaki tupu, nafasi tele kila upande, na sisi wawili tumebanana pembeni. Sahani yangu ilikuwa imeisha zamani. Ya Sindano ilikuwa bado na wali nusu nzima, kwa sababu Sindano hajawahi kumaliza chakula bila msaada tangu nimjue. Aliuangalia wali, akaniangalia mimi, na akaanza kuisogeza sahani upande wangu, kisha akasita.

"Siwezi," nilimwambia. "Nimeshiba."

"Basi nenda, utachelewa."

"Kula tu," nilisema. Akainamia sahani yake, akala mwenyewe, tonge baada ya tonge, polepole mno, na mimi nikakaa naye mpaka akamaliza.